Tanga Kama Mzigo: Msamiati wa Vyombo vya Baharini Katika Pwani ya Bagamoyo na Nafasi Yake Barani

1.0 Utangulizi

Kiwangwa ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo iliyo mbali na maji ya chumvi, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Jina lake limevuma kwa mananasi, wala si kwa samaki. Hata hivyo, mkulima wa huko aelezapo mipaka ya shamba lake husema kaskazini na kusini. Apandapo basi huitwa abiria. Lori lichukualo mazao yake huwa limebeba shehena, na aliendeshaye hushika usukani. Kata yake imo katika Mkoa wa Pwani, na neno pwani limetokana na kitenzi pwa, yaani maji kupungua na kuacha ufuko wazi. Mambo yake yakitengenea, hali huwa shwari; yakiharibika, huwa yamekwenda mrama. Mtu huyo aweza kuishi umri wake wote bila kukanyaga sitaha ya chombo, na bado asiweze kumaliza siku moja ya mazungumzo pasipo kutumia maneno yaliyotoka baharini.

Hali hii imezoeleka mno kiasi kwamba haiulizwi swali. Makala hii inaliuliza: ni maneno gani ya baharini yaliyopanda bara, ni yapi yaliyobaki ufukoni, na kwa sababu gani? Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kutazama kwanza safari iliyofanyika upande wa pili, yaani maneno ya nchi kavu yaliyoshuka baharini. Safari hiyo ya pili haijapewa uzito unaostahili, kwa kuwa mjadala wa msamiati wa ubaharia umekuwa ukielemea kwenye majina, hasa majina ya mkopo.

Msamiati wenyewe haukukosa wa kuuandika. Krapf aliuingiza kwa wingi katika kamusi yake ya mwaka 1882. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 19, aliukusanya kwa uangalifu mkubwa zaidi, na matunda ya kazi yake yalichapishwa katika kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya miaka ya 1939 hadi 1941. Johnson (1939) naye hakuusahau, na Prins aliutolea kamusi ya peke yake mwaka 1970 baada ya utafiti wake wa mabaharia wa Lamu. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa data. Tatizo ni namna data hiyo ilivyopangwa na ilivyosomwa.

2.0 Majina: tabaka juu ya tabaka

Lugha za Ulaya zimezoea kuviita vyombo vyote vya tanga vya Bahari ya Hindi kwa jina moja, linalofanana na dau la Kiswahili. Msemaji wa pwani hafanyi hivyo. Kwake yeye, dau ni aina moja tu miongoni mwa aina nyingi, na neno linalokusanya aina zote ni chombo, ambalo pia ni jina la sufuria, sahani na kifaa chochote cha kazi. Mtumbwi ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani. Ngalawa nayo ni gogo, aghalabu la mwembe, lakini imeongezewa mirengu, yaani miti inayokingama juu ya chombo, na kwenye ncha za mirengu hiyo hufungwa matengo, mbao zinazogusa maji pande zote mbili ili chombo kisipinduke. Mashua imeundwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na jahazi ni kubwa zaidi kuliko mashua. Mtepe, uliotoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, haukuwa na misumari: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka wenye umbo la mraba. Mfano wa mtepe ulijengwa upya mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit-al-Ajaib, Zanzibar, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya wanafunzi wa leo wameweza kuuona.

Mpangilio huu wa vyombo ni muhimu kwa mwanaisimu kwa kuwa mkopo wa maneno umeufuata. Katika vyombo vya gogo, majina ya Kibantu ndiyo yaliyotawala: mtumbwi, kafi, pondo. Neno kafi lina ushahidi ulio imara sana. Mzizi wake, *-kápì, umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na Waganda, wanaopiga makafia yao katika maji baridi ya Ziwa Viktoria, huliita kafi enkasi. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mzizi wa kale wa jina la mtumbwi wenyewe, unaosikika katika eryato la Kiganda, haukudumu katika Kiswahili sanifu. Kifaa cha kusukumia kimehifadhi jina lake na chombo kinachosukumwa kimelibadilisha.

Tunapopanda kutoka kwenye gogo hadi kwenye jahazi, picha inabadilika. Mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, una umbo la Kibantu. Lakini kiongozi ni nahodha, neno la Kiajemi. Msaidizi wake ni serahangi, la Kiajemi pia. Anayejua njia ni rubani, la Kiarabu. Chombo hugeuzwa kwa usukani, la Kiarabu, na mpini wa usukani huitwa kana. Mahali pa kufikia ni bandari, la Kiajemi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi au shetri, na chini kabisa kwenye shehena ni ngama. Sehemu hizo tatu zimekutanishwa katika methali mashuhuri inayomkumbusha mtu kwamba hata atembee vipi juu ya chombo, marejeo yake ni huko chini. Mbao za ubavuni hushikiliwa na mataruma, nyuma chombo hufungwa na fashini, mbele hukata maji kwa hanamu.

Utajiri mkubwa kupita wote umo katika zana za tanga, na hapa inafaa kutua kidogo. Tanga la jahazi lina pembe tatu na hufungwa kwenye foromali, boriti ndefu inayoning'inia kwenye mlingoti kwa mshazari. Henza ni kamba nene inayoibeba foromali. Gofia ni kapi ya mlingotini, na jarari ni kamba ipitayo katika abedari ili kuwapunguzia mabaharia uzito wakati wa kuvuta. Ukingo wa tanga hushonewa kamba iitwayo dasi ili usichanike. Pembe ya mbele ya tanga, inayokabili upepo, ina joshi. Pembe ya nyuma huzuiwa kwa demani, na baharia anayeishika demani ndiye mwenye kuamua kiasi cha upepo kitakachoingia. Ndiyo maana maneno haya mawili yana maana pacha: joshi ni kamba na pia upande upepo utokako, demani ni kamba na pia upande upepo uendako. Chombo kinachokwenda joshi kimeukaribia upepo kadiri kiwezavyo. Demani imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa ni jina la majira pia, pale kusi inapolegea kuelekea mwisho wa mwaka. Kamba, upande na msimu vimewekwa ndani ya neno moja, na asiyewahi kuishika kamba hawezi kujua kwa nini.

Mtu akihesabu maneno ya aya mbili hizi na kuyapanga kwa asili yake, ataona kwamba Kiarabu, Kiajemi na lugha za Bara Hindi zina fungu kubwa. Hesabu ya namna hiyo imewahi kuwapa watu hitimisho la haraka kwamba Waswahili walifunzwa ubaharia na wageni. Kwanza, historia hailiungi mkono hitimisho hilo: mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 Baada ya Kristo, ujulikanao kama Periplus, unazitaja mashua za kushonwa na mitumbwi katika pwani hii, na wenyeji wakivitumia vyombo hivyo kuvulia. Pili, na hili ndilo la wanaisimu, hesabu hiyo ni ya majina peke yake.

3.0 Vitenzi: nchi kavu ndani ya maji

Kinachofanywa na baharia kwa zana zote zilizotajwa hapo juu hutajwa kwa vitenzi, na idadi kubwa ya vitenzi hivyo si ya mkopo. Tanga hutwekwa na kutuliwa. Nanga hutiwa na kung'olewa. Chombo hushuliwa majini, huegeshwa, hupanda mwamba, hupwelewa. Shehena hupakiwa na kupakuliwa. Upepo ukiwa wa mbele, chombo hubisha. Vighairi vipo, navyo visifichwe: kusafiri na kuabiri ni vya Kiarabu, na kukalafati vilevile. Lakini vighairi hivyo huhusu safari kwa jumla au ufundi wa waundaji. Havihusu mwendo wa mikono ya baharia akiwa kazini.

Chukua tua na tweka. Katika Kiswahili cha nchi kavu, kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani, na kutua ni kuuweka mzigo huo chini. Umbo la jozi hii ni la kawaida kabisa katika sarufi ya Kibantu: upande mmoja una kiambishi -ik- chenye maana ya kuweka kitu mahali, upande wa pili una kiambishi cha kutendua, kama ilivyo katika bandika na bandua, funika na funua. Mzizi ni -tu-, unaohusiana na uchukuzi wa kichwani. Baharia ameichukua jozi hii na kuipeleka mlingotini: tanga hutwekwa juu kama mzigo, na hutuliwa kama mzigo.

Irabu ya tweka inahitaji maelezo. Kwa kanuni ya upatanifu wa irabu, mzizi wenye u hutarajiwa kufuatwa na -ik-, si -ek-. Hivyo twika ni umbo linalotabirika na tweka si hivyo. Pengine hii ndiyo sababu kamusi huvitenga vitenzi hivi viwili kana kwamba havikuzaliwa nyumba moja. Inawezekana kwamba tweka haikutoka moja kwa moja kwenye mzizi uliozaa twika, bali imepitia kwa ndugu yake twaa, ambapo a ya mzizi na i ya kiambishi ziliungana kuwa e, kama zinavyoungana mara nyingi katika Kiswahili. Hata kama maelezo haya yatakataliwa, ukoo wa maana unabaki: twaa, twika, tweka na tua ni vitenzi vya mtu mwenye mzigo.

Ng'oa ni mfano mwingine usiohitaji hoja ndefu. Nanga ni chuma, na jina lake limetoka ng'ambo. Lakini kitendo cha kuitoa chini ya bahari kimepewa kitenzi cha mkulima anayetoa muhogo au kisiki ardhini. Msemaji wa kwanza aliyesema chombo kimeng'oa nanga alikuwa na shamba akilini, au angalau alikuwa na lugha ya watu wenye mashamba. Bisha nayo ni kupiga, kama katika kubisha hodi, na ni kukataa, kama katika ubishi. Chombo kinachobisha huenda upande huu kisha upande ule, kikishindana na upepo unaokizuia. Katika jahazi kazi hiyo ni nzito, kwani kila mgeuko hulazimu foromali isimamishwe wima na kuzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Anayeiona kazi hiyo hataona ajabu kwamba imepewa kitenzi cha ugomvi.

Isidhaniwe kwamba vitenzi hivi vinathibitisha ukale wa ubaharia wa Waswahili. Havithibitishi hilo. Vinathibitisha jambo jembamba zaidi lakini la uhakika: kwamba zana mpya zilipokuja na majina yake, zilipokewa na watu ambao tayari walikuwa na lugha kamili ya kuinua, kushusha, kuvuta, kung'oa na kushindana, na hawakuona haja ya kuazima lugha nyingine ya kutendea kazi. Jina huweza kuja pamoja na bidhaa, likashuka bandarini siku hiyohiyo. Kitenzi hakiji kwa njia hiyo.

4.0 Maji ya Bagamoyo

Pwani ya Bagamoyo ina maji ya kina kifupi. Meli kubwa hazikuweza kuukaribia mji, na udhaifu huo ulichangia kuhamishwa kwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Majahazi yalikuja na maji yakijaa, yakakaa juu ya mchanga maji yakipwa. Msamiati wa maji katika mazingira ya aina hii si pambo. Bamvua ni siku za maji makubwa, yanayojaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo tofauti ni ndogo. Na chombo kilichochelewa hupwelewa. Umbo hili la mwisho lina viambishi vya kutendea na kutendwa juu ya kitenzi chenye silabi moja tu, pwa, na maana yake hulazimu sentensi nzima: maji yamekupwa, nacho kimeachwa hapo. Nahodha ni wa Kiajemi na usukani ni wa Kiarabu, lakini hatari iliyowangoja wote wawili ufukoni ilitajwa kwa Kibantu kitupu.

Kina hicho kifupi kina maana nyingine kwa hoja ya makala hii. Shehena ya Bagamoyo ilivushwa kati ya chombo na mchanga juu ya mabega na vichwa vya wachukuzi, na katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya misafara ya bara. Mpagazi aliyetua pembe ya ndovu baada ya safari ya miezi mingi aliitua hatua chache kutoka mahali baharia alipotua tanga. Si lazima kudai kwamba jozi ya tweka na tua ilizaliwa hapo. Yaelekea ni ya kale zaidi. Lakini ni vigumu kupata mahali pengine ambapo maana zake mbili zilisikika kwa ukaribu kama huo.

5.0 Kupanda bara

Sasa inawezekana kurudi Kiwangwa. Majina ya baharini yaliyopanda bara si yote, na hayakuchaguliwa kiholela. Yamepanda yale yanayotaja kazi au uhusiano, ambao waweza kupatikana mahali pengine. Usukani ni kitu cha kugeuzia, na gari linageuzwa. Nahodha ni mkuu wa kundi lenye safari moja, na timu ya mpira ni kundi la namna hiyo. Rubani ameacha bahari na kupanda ndege moja kwa moja, hata vijana wengi wakisikia kwamba meli nayo ina rubani hudhani ni utani. Dira imekuwa jina la mipango ya nchi, kama katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Bandari imefika nchi kavu kabisa na kupewa sifa ya kujipinga, bandari kavu, kama ile ya Kwala katika Mkoa huohuo wa Pwani. Mataruma yamelala chini ya reli, na sababu ni ya macho: miti iliyopangwa kwa nafasi sawa, ikikingamana na mihimili miwili mirefu, yafanana na mbavu za chombo kabla hakijavikwa mbao. Kuegesha kumehamia kwenye magari. Na mrengo wa kushoto au wa kulia katika siasa ni, kwa kila dalili, mrengu wa ngalawa uliobadilika irabu ya mwisho. Mwanasiasa anayelaani mirengo angefaa kukumbushwa kwamba ngalawa bila hiyo huzama.

Kaskazini na kusini ni mfano ulio wazi kuliko yote na unaosahaulika kuliko yote. Kaskazi ni upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi ni ule wa kuanzia Aprili hadi Septemba au zaidi. Kwa kuongezewa -ni ya mahali, majina ya pepo yamekuwa majina ya pande za dunia. Ramani ya shule inayoning'inia ukutani Kiwangwa, au Kigoma, au Bukoba, imeelekezwa kwa pepo zilizoyaleta na kuyarudisha majahazi.

Yaliyobaki ufukoni ni joshi, demani ya kamba, foromali, gofia, henza, jarari, abedari, dasi. Haya hayakukosa uzuri wala ulazima. Yamekosa kifananishi barani. Hakuna kitu katika gari, shamba au ofisi kinachofanya kazi ya dasi. Kwa hiyo uhai wake wote umefungamana na chombo chenye tanga la pembe tatu, na kadiri injini inavyochukua nafasi ya tanga, ndivyo majina haya yanavyopoteza wasemaji. Nahodha atadumu hata jahazi la mwisho likioza, kwa sababu anacho kiwanja cha mpira cha kukimbilia. Jarari haina pa kukimbilia.

6.0 Kazi ya kamusi

Kutokana na hayo, wanaleksikografia wanakabiliwa na kazi mbili tofauti, nazo zimechanganywa mara nyingi. Kwa maneno yaliyobaki ufukoni, kinachotakiwa ni fasili inayoonyesha mahali pa kitu na utendaji wake. Kusema kwamba henza, jarari na demani kila moja ni "kamba ya chombo" ni kuyafanya maneno matatu kuwa neno moja. Msomaji hatajua ipi inainua, ipi inapita katika kapi na ipi inazuia pembe ya tanga. Na wakati utafika ambapo hatakuwepo baharia wa kumwuliza. Mchoro mmoja wa jahazi, uliotajwa namba katika kila kidahizo kinachohusika, ungefanya kazi ambayo fasili ishirini haziwezi kuifanya. Aidha, kila fasili itaje aina ya chombo: matengo ni ya ngalawa na hayawezi kutafutwa kwenye jahazi.

Kwa maneno yaliyopanda bara, kazi ni ya mpangilio wa maana. Kuna mwelekeo wa kuitanguliza maana inayotumika zaidi leo, na mwelekeo huo una faida kwa mwanafunzi anayeanza. Lakini ukitumiwa bila kipimo hukata mnyororo. Mrengo ukifasiliwa kwa siasa peke yake, hakuna atakayeelewa kwa nini mirengo huja miwili, mmoja kila upande. Mrama ukifasiliwa kuwa ni kuharibika kwa mambo tu, chombo kinachoyumba kutoka ubavu hadi ubavu hutoweka. Na tua ndiyo yenye mtihani mkubwa kupita yote: ina mzigo, ina jua, ina tanga, ina ndege wa angani na sasa ina ndege ya abiria. Kidahizo chake hakina budi kuanza na mzigo, kifuatiwe na tanga, na hapo hapo kielekeze kwa twika na tweka, ambazo kwa sasa msomaji huzikuta kila moja ikiwa peke yake katika ukurasa wake.